Maji na Nyumba Yako: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kabla ya Mvua

Maswali haya nimeyapata kwa wapangaji, wenye nyumba na mafundi katika miaka ya kusimamia nyumba za kupanga Dar es Salaam. Mengi huulizwa Aprili, wakati kazi yake ilitakiwa kufanyika Februari. Utaona majibu mengi yanarudi palepale: maji ukiyaziba bila kuyapa pa kupita, yatajitafutia njia, na njia hiyo kwa kawaida ni silingi yako.

## Mambo ya mwanzo

1. Nikague nyumba lini, na mara ngapi kwa mwaka?

Ukanda wa pwani, mara mbili: Februari kabla ya masika (Machi hadi Mei) na Septemba kabla ya vuli (Oktoba hadi Desemba). Walioko Dodoma, Iringa au Mbeya, ambako mvua ni ya msimu mmoja kuanzia Novemba hivi hadi Aprili, mara moja inatosha, Oktoba. Mombasa mvua hukolea Mei, kwa hiyo Machi hujachelewa.

Usisubiri mvua ya kwanza ili "uone panapovuja". Ikishanyesha, kila fundi wa bati mtaani ana kazi kumi mkononi, bei imepanda, na juu ya bati bichi hakuna kinachoshika. Ukaguzi wa nyumba ya vyumba vitatu unakula asubuhi moja ya Jumamosi. Mambo ya kila mwezi ni machache: chini ya sinki, nyuma ya choo, na floti ya tanki, kile kifaa chenye boya kinachokata maji tanki likijaa (swali la 9).

2. Sijui lolote kuhusu mabomba. Kitu cha kwanza kujua ni kipi?

Mahali pa kufungia maji. Nyumba nyingi zenye tanki zina koki kuu mbili, na watu wanajua moja tu. Ya kwanza iko baada ya mita. Inazuia maji ya mtaani. Ya pili iko chini ya tanki. Inazuia maji yanayoshuka ndani. Bomba la bafuni likipasuka ukakimbilia ya mitani, tanki la lita 1,000 litaendelea kukumiminikia mpaka liishe.

Koki isiyoguswa kwa miaka huganda, na ukiilazimisha siku ya dharura shingo inakatika. Ifunge na kuifungua kila baada ya miezi mitatu. Ukimaliza kuifungua yote, irudishe nyuma kidogo, robo mzunguko, isikae imebana. Waonyeshe na watoto wakubwa na dada wa kazi, maana wao ndio huwa nyumbani bomba linapopasuka.

3. Bili imepanda lakini sioni panapovuja. Nitajuaje?

Mita itakwambia. Chagua siku maji ya mtaani yanatoka. Funga koki inayoingiza maji kwenye tanki, funga na nyingine zote zinazochota moja kwa moja, kisha piga picha ya mita pamoja na tarakimu nyekundu za mwisho. Rudi baada ya saa mbili. Zikiwa zimesogea, kuna uvujaji kati ya mita na koki ulizofunga, mara nyingi chini ya ardhi, pale gari linapopita kuingia getini.

Mita isiposogea, jaribu upande wa tanki. Usiku watu wakishalala, funga koki ya kuingiza, chovya fimbo kavu hadi chini ya tanki, weka alama maji yalipofikia. Asubuhi kabla ya mtu yeyote kuoga, chovya tena. Yakishuka, mshukiwa wa kwanza ni choo (swali la 11).

Uniti moja ya maji ni lita 1,000. Koki inayodondosha ikajaza jagi la lita moja kwa saa nne inamwaga lita 180 kwa mwezi, na maji hayo yanaishia mahali: kwenye kabati, kwenye plasta, au chini ya msingi.

## Paa na gata

4. Bati ni jipya, halina hata miaka mitatu. Mbona linavuja?

Kwa sababu bati lenyewe ni nadra kuvuja. Panapovuja ni kwenye misumari, kwenye kofia (bati linalofunika kilele cha paa), na pale paa linapokutana na ukuta. Mchana jua la Dar linalitanua bati, usiku linasinyaa. Kila siku msumari unavutwa kidogo. Mpira ulio chini ya kichwa chake nao unakauka na kupasuka. Ukipanda ukaona vichwa vya misumari vimenyanyuka, usivigongee tu. Tundu limeshapanuka, kesho msumari utanyanyuka tena. Toa msumari, weka skrubu nene kidogo yenye mpira mpya.

Kanyaga kwenye mistari ya misumari, ndipo ilipo papi, yaani mbao inayopigiliwa bati. Ukikanyaga katikati unabonyeza bati na kufungua maungio mapya. Nimeona nyumba iliyopandiwa na fundi wa dishi ikaanza kuvuja sehemu nne ambazo zilikuwa nzima.

Halafu kuna saruji. Mafundi wengi wanapenda kuziba kiungo cha bati na ukuta kwa saruji. Bati linacheza, saruji haichezi, kwa hiyo masika yanayofuata pana ufa. Panapotakiwa ni kipande cha bati kilichokunjwa, upande mmoja umeingizwa kwenye mchoro uliokatwa ukutani, upande wa pili umelala juu ya bati. Kitundu kidogo cha kutu unaweza kukibandika utepe wa lami, lakini sugua kutu kwanza na bati liwe kavu kabisa. Walio karibu na bahari wakague zaidi. Upepo wa chumvi hauna huruma.

5. Doa liko sebuleni, fundi anasema tundu liko juu ya chumba cha kulala. Ananidanganya?

Huenda anasema kweli. Maji yakiingia hayadondoki hapo hapo. Yanatambaa chini ya bati hadi kwenye papi, yanafuata kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa), yanashuka pale mbao inapoishia au silingi inapoinama. Umbali wa mita tatu ni wa kawaida.

Njia ya kuhakiki: siku kavu, mtu mmoja aingie darini na tochi, mwingine awe nje na mpira wa maji. Anza kumwagia chini ya mteremko, dakika kumi, ndipo upande hatua moja. Ukianzia juu utalowesha paa lote na hutajua ni wapi. Fundi anayekwambia "bosi, hili ni la kubadilisha lote" bila kuingia darini, mshukuru, mpe nauli, mtafute mwingine.

6. Gata zinahitaji nini hasa?

Kusafishwa, na kuwa na mteremko. Milimita 1 ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 120 likipigwa na mvua ya milimita 60 limepokea lita 7,200, yaani zaidi ya matanki saba ya lita elfu moja, na yote yanatafuta mdomo mmoja au miwili. Majani ya mwembe yakiziba mdomo huo, maji yanarudi nyuma, yanapita juu ya ukingo wa ndani na kulowesha ubao ulioshika gata. Mbao hizo zikioza mchwa wanafuata.

Toa takataka kwa mkono, si kwa kumwagia maji, maana yanasukuma uchafu kwenye bomba la kushushia. Kisha mwaga ndoo moja upande ulio mbali na mdomo. Yakituama mahali, legeza vishikizo upainue. Gata inayotuamisha maji ni mazalia ya mbu pia, na Dar imeshaonja dengue, mwaka 2014 na tena 2019.

Mwisho, angalia bomba la kushushia linamwagia wapi. Likimwaga kwenye kona ya msingi umehamisha tatizo tu (swali la 15).

7. Nimejenga nyumba ya paa lililofichwa nyuma ya kuta zilizopanda juu yake. Kuna la ziada?

Lipo, na nitasema wazi: kwa mvua zetu sizipendi nyumba hizi, ingawa picha zake ni nzuri. Paa la kawaida likizidiwa maji humwagika nje. Paa lililofichwa likizidiwa, maji yamezungukwa na kuta pande zote, kwa hiyo yanashuka ndani.

Kama umeshajenga, haya ndiyo ya kushika. Mfereji wa ndani ukaguliwe kila mwezi wakati wa mvua. Jani moja pana na mfuko mmoja wa plastiki ulioletwa na kunguru vinatosha kuziba mdomo. Uwe na midomo miwili au zaidi. Toboa ukutani tundu la dharura, chini kidogo ya usawa ambao maji yakiufikia yataingia chini ya bati, ili siku mdomo ukiziba maji yaruke nje na uyaone. Juu ya ukuta wenyewe pafunikwe kwa zege au bati lenye mteremko kuelekea paani. Ukuta ulioachwa na plasta tupu kichwani hunywa maji na kuyashusha hadi vyumbani, nawe utalaumu bati bure.

8. Silingi ya jipsamu imetuna maji kama puto. Nifanye nini sasa hivi?

Zima meni swichi kwanza, hasa kama kuna taa karibu. Ondoa vitu, weka ndoo, simama pembeni, toboa tundu dogo kwa bisibisi katikati ya uvimbe ili maji yashuke kwa utaratibu. Ukiliacha, bodi nzima itaanguka. Umeme usiwashwe upande huo mpaka fundi umeme aangalie. Chanzo utakitafuta kwa njia ya swali la 5, au la 18 kama unaishi ghorofani.

## Tanki, mabomba na vyoo

9. Tanki langu humwagika usiku. Ni kitu cha kawaida?

Hapana. Floti imechoka, au mpira wake umeliwa, au boya limeingia maji na kuzama. Inyanyue kwa mkono tanki likiwa linajaa: maji yasipokatika, badilisha. Ni kifaa cha bei ndogo kulinganisha na msingi.

Bomba la kutolea ziada liishie mahali utakapoona maji yakitoka, na si ukutani au kwenye mguu wa mnara. Tanki la lita 1,000 likijaa lina tani moja ya maji. Mnara unaosimama kwenye udongo unaoloweshwa kila usiku unaanza kuinama polepole, na hutagundua mpaka mtu atoke mbali aje akuulize.

10. Maji ya mgao yanahusiana vipi na uharibifu?

Kwa namna mbili. Maji yanaporudi hewa hutangulia, mabomba yanatetemeka, na kiungo kilicholegea ndipo huachia. Kwa hiyo siku maji yaliporudi baada ya kukatika kwa muda, zunguka uangalie viungo.

Namna ya pili imenikuta mwenyewe. Jioni nilifungua koki ya jikoni, haikutoa kitu, nikaondoka bila kuifunga. Sinki lilikuwa na sahani, tambaa limekaa juu ya tundu. Maji yalirudi usiku wa manane. Saa kumi na moja alfajiri nilikanyaga zulia la korido, likalia chwaa. Makabati ya ubao wa kubana yalivimba chini hayakurudi tena. Tangu siku hiyo nyumbani kwangu koki kavu inafungwa kabla ya mtu kulalamika.

11. Nitajuaje choo kinavuja na hakitoi sauti?

Weka matone ya rangi ya chakula kwenye tanki la flashi, usiflashi kwa nusu saa. Rangi ikitokea kwenye bakuli, mpira wa chini haufungi. Kama maji yako chini ya choo, kausha kwa tambaa, zungushia karatasi ya chooni, uone inalowa upande gani: bomba la kuingiza, boliti za tanki, au kitako. Kitako kinachotoa maji kila ukiflashi si jambo la saruji nyeupe juu juu. Choo king'olewe, muunganiko wa chini urekebishwe.

12. Bafu la ghorofani linatoa doa kwa chini. Je, nikipiga grauti upya inatosha?

Wakati mwingine, na inafaa kuanza hapo kwa sababu ni nafuu. Kwangua grauti (kile kijazio cha kati ya marumaru) iliyooza, weka mpya, na pembe zote (sakafu na ukuta, ukuta na ukuta) ziwekwe silikoni. Pembe zinacheza, grauti itapasuka hapo.

Lakini marumaru na grauti si kizuizi cha maji. Kizuizi ni tabaka la kuzuia maji lililopakwa chini yake kabla ya kubandikwa, likapanda ukutani, likazunguka tundu la sakafu. Kama halikuwekwa, utapiga grauti kila mwaka. Anayejenga sasa amwambie fundi azibe tundu la sakafu, ajaze maji kina cha vidole viwili, yakae saa 24 hadi 48, chini pakiwa pakavu ndipo marumaru zibandikwe. Fundi atanuna kwa kupoteza siku mbili. Mwache anune.

Angalia na mteremko: mwaga kikombe cha maji mlangoni mwa bafu. Yasipoelekea kwenye tundu, yanaelekea chumbani.

13. Chini ya sinki la jikoni kuna harufu na ubao umevimba.

Shika kila kiungo kwa karatasi kavu, koki ikitiririka, karatasi itakuonyesha. Viungo vya plastiki vinakazwa kwa mkono, vikibanwa kwa spana vinapasuka. Mafuta ya kupikia yasimwagwe sinkini. Yanaganda, yanashika uchafu, na siku moja maji machafu yanarudi juu. Chemba ya nje ifunguliwe na kusafishwa kabla ya masika.

14. Kiyoyozi kinadondosha maji ndani. Kimeharibika?

Mara nyingi mpira wake wa kutolea maji umeziba kwa utelezi au mdudu amejenga. Zima, safisha chujio, fundi avute uchafu kutoka mdomo wa nje. Hakikisha mpira unashuka muda wote bila kupanda, na haumwagi ukutani. Mstari wa kijani ukutani chini ya mpira huo umeuona kwenye majengo mengi; nyuma yake plasta imeshaachia.

## Kuta na msingi

15. Ukuta unatoa unga mweupe chini na rangi inabanduka. Nipake rangi gani?

Usipake kwanza. Unga huo ni chumvi. Maji yanapanda kutoka ardhini kupitia tofali, yanafika usoni, yanakauka, chumvi inabaki na kusukuma rangi. Ukifunika kwa rangi ya mafuta, maji yatapanda juu zaidi na kutokea usawa wa dirisha.

Tafuta sababu kwa mpangilio huu. Je, udongo au paving imepanda nje kuliko sakafu ya ndani? Ishushe. Je, gata au bafu la nje linamwaga pale? Lihamishe. Je, kuna bustani inayomwagiliwa imebana ukuta? Isogeze. Ukishaondoa maji, kwangua plasta iliyooza na uache ukuta wazi wiki kadhaa za kiangazi ndipo upige nyingine. Zungushia nyumba mkanda wa zege wenye mteremko kutoka ukutani.

Kama msingi haukuwekewa nailoni ya kuzuia unyevu, au tofali zilifyatuliwa kwa mchanga wa baharini au maji ya chumvi ya kisima, hayo yote yatapunguza tu. Anayejenga asikubali mchanga huo hata akiletewa kwa nusu bei.

16. Kuvu limeota nyuma ya kabati la nguo, na hakuna bomba pale.

Ni hewa. Kabati limebana ukuta wa baridi, unyevu wa chumba unatulia nyuma yake. Sogeza sentimita tano hadi kumi, fungua madirisha asubuhi, usianike nguo chumbani wakati wa masika. Futa kwa blichi iliyochanganywa na maji, madirisha wazi, na usiichanganye kamwe na dawa nyingine ya chooni. Mvuke wake ni sumu. Likirudi palepale baada ya wiki mbili, rudi swali la 15 au la 12.

17. Uani kwangu maji hutuama hadi mlangoni. Matengenezo ya nyumba yatasaidia?

Kama ni maji ya kiwanja chako, ndiyo: mtaro, mteremko, kizingiti. Kama uko bondeni, la. Desemba 2011 mafuriko yalipiga bonde la Msimbazi, Dar, na baadhi ya wakazi wakahamishiwa Mabwepande. Pale silikoni haikuwa na la kufanya. Kuinua soketi na kuweka nyaraka juu ya kabati ni busara. Kuwekeza marumaru mpya ni jambo la kufikiria mara mbili.

## Hali zisizo za kawaida

18. Maji yanatoka kwa jirani wa juu. Nianzeje?

Piga hodi kwa salamu, mwite ashuke aone doa mwenyewe. Mtu aliyeliona hukasirika kidogo kuliko aliyetumiwa picha kwenye kundi la jengo. Mwombe asitumie bafu siku moja. Doa likikauka, ni la kwake. Lisipokauka, huenda ni bomba kuu la jengo, ambalo ni mali ya wote na linahusu uongozi wa jengo. Tanzania ina sheria ya umiliki wa sehemu za majengo tangu 2008, na eneo la pamoja si la kumsukumia mwenye ghorofa mmoja.

19. Mimi ni mpangaji. Nani analipa?

Soma mkataba kwanza. Desturi ni kwamba paa, mabomba ya ukutani na msingi ni vya mwenye nyumba. Koki uliyoivunja ni yako. Toa taarifa kwa maandishi siku hiyo hiyo, na picha yenye tarehe. "Baba mwenye nyumba, kuna doa limeanza" iliyotumwa Februari inakulinda dhidi ya "mbona hukusema" ya Mei. Usikate gharama kwenye kodi bila kukubaliana.

20. Nyumba yetu ni ya mawe ya zamani. Ushauri huu unafaa?

Wa gata na mabomba, ndiyo. Wa plasta, hapana. Kuta za Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Zinanyonya unyevu na kuutoa. Ukizipiga saruji, unyevu unabaki ndani, unafika kwenye ncha za boriti zilizoingia ukutani, nazo zinaoza bila kuonekana. Tumia chokaa, rangi ya chokaa, fundi anayeijua. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000, kwa hiyo pita kwanza Mamlaka ya Mji Mkongwe.

21. Bima italipa?

Bima za nyumba kwa kawaida huangalia ajali ya ghafla, kama bomba lililopasuka, na huacha uchakavu wa muda mrefu. Picha za ukaguzi wako wa Februari ni ushahidi mzuri.

22. Niko Muscat, nyumba iko Dar na imefungwa. Nifanye nini?

Koki ya mitani ifungwe, ya tanki ifungwe, tanki lipunguzwe. Kila wiki mbili mtu amwage jagi la maji kwenye kila tundu la sakafu na sinki, maana maji ya kwenye mkunjo wa bomba yakikauka harufu na mende hupanda. Madirisha yafunguliwe nusu siku.

Mwangalizi atakutumia video ya sebule, na sebule itakuwa safi siku zote. Mwombe video ya chini ya sinki, ndani ya dari kwa tochi, mdomo wa gata, na kona ya nyuma ya nyumba baada ya mvua. Na amwambie fundi yeyote atakayepanda paani akanyage kwenye misumari.